Mashine Haikufa kwa Mkono wa Rosa Kiden

"Umesikiliza Mariam mimi nikiwa nje," Rosa Kiden alisema, "halafu umesikiliza mimi Mariam akiwa nje. Sasa nani amesikia sisi wawili?"

Enoch alikuwa amekwisha kushika kiti cha Rosa, kile chenye mto alioushona mwenyewe, anakisukuma kuelekea mlangoni kama mtu anayetoa takataka. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo mlangoni na birika la chai, sijui nipite wapi.

Hiyo ilikuwa Koboko, mpakani na Sudani, kiangazi cha mwaka 1995, katika ofisi ya ghala la chakula cha wakimbizi. Enoch, mtu wa Arua, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Rosa na Mariam Poni walikuwa wachapaji wake. Mimi nilipika chai na chakula cha mchana. Kompyuta zilikuwa mbili, zimeungwa kwa waya, na orodha ya majina ya wakimbizi ilikuwa moja, inakaa ndani ya mashine ya Rosa. Kila wiki ya kugawa chakula, mashine zilizimika ghafla na kumeza majina. Watu wanakaa juani na kadi zao mkononi, unga uko ndani ya ghala, na hakuna anayeruhusiwa kuutoa kwa sababu orodha haionekani. Lazima mtu awe na makosa. Enoch alikwisha kumpata.

"Mashine ya Mariam inasimama tu," alimwambia. "Yako ndiyo inaanguka, kioo kinakuwa cheusi. Mashine iko sawa, mama. Ni mkono yako haiko sawa."

"Na kama si mkono yangu?"

Enoch akacheka, akageukia watu wa ghala waliokuja kuchungulia ugomvi. "Siku nikiona hii kitu inakufa bila mkono yako, nitakuletea jogoo. Nitashika miguu yake mimi mwenyewe, nipite nayo katikati ya soko, mchana, kila mutu aone."

Walicheka wote. Mariam hakucheka, alitazama kibodi yake kana kwamba imeandikwa habari mpya. Rosa aliuchukua mto wake, akaupiga vumbi kwa kiganja, akatoka nao kwapani. Kuanzia siku hiyo kazi yake ikawa kufagia unga ghalani na kukunja magunia matupu.

Ninaandika habari zake kwa sababu hata leo wako watu Koboko, wazima na akili zao, wanaosema yule mama alikuwa na mkono wa kuua vyuma. Nimechoka kuwajibu mmojammoja.

Rosa alizaliwa kijiji cha Midia, hukohuko Koboko, binti wa Soro, askari, akakulia katika kambi za jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, amri nyingi na kubembeleza kidogo. Mwaka 1979, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, kila aliyetoka Koboko aligeuka kuwa mtu wa jeshi la zamani, hata mtoto wa kunyonya. Wakavuka mto Kaya kwa miguu kuingia Sudani, mama yake na sufuria kichwani. Baba alisema anarudi mara moja kufunga nyumba. Hawakumwona tena.

Huko, mjini Yei, masista walifundisha wasichana kupiga taipu. Mashine ilikuwa moja, wasichana wengi, basi kila mmoja alipewa kipande cha karatasi ngumu kilichochorwa herufi, abonyeze hapo mpaka zamu yake ifike. Rosa alijifunza kuchapa juu ya kitu kisichotoa sauti wala alama. Ndiyo maana vidole vyake vilikuwa vyepesi vile. Alipochapa ungedhani anapangusa makombo. Na vidole hivyohivyo ndivyo vilivyokuja kuambiwa vinaua mashine.

Aliporudi mwaka 1986 alikuta mti umeota ndani ya nyumba ya baba yake. Aliolewa na Kamisi, dereva wa malori ya Juba, ambaye alikwenda, akawa anatuma salamu, kisha akaacha hata kutuma salamu. Rosa alilea watoto kwa kuuza samaki wakavu mpaka ofisi ile ilipofunguliwa na kutafuta watu wanaojua taipu. Walipatikana wawili, yeye na Mariam Poni.

Mariam alikuwa jirani yake, Mwislamu wa pale mjini, mwepesi wa kucheka. Walisukana nywele. Walikula sahani moja, na mwezi wa Ramadhani Rosa alikula chakula chake nyuma ya ghala, asile mbele ya macho ya mwenzake. Nilikuwa nawaambia, nyinyi mkiachana mmoja wenu ataanguka. Wakaachanishwa na waya.

Sasa sikilizeni jinsi walivyoachanishwa, maana hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Kwetu watu wakigombana, wazee wanamtoa mmoja nje ili mwenzake aseme bila kumwogopa. Kisha wanabadilisha. Ni desturi nzuri kwa mbuzi aliyekula mihogo ya watu. Enoch akaichukua, akaipeleka kwenye kompyuta. Mashine zilipozimika, alimtoa Rosa nje, akamwambia Mariam achape. Mariam akachapa, akahifadhi, hakuna kilichotokea. Akamtoa Mariam, akamwingiza Rosa. Rosa akachapa, akahifadhi, mashine inanguruma vizuri kama paka. Enoch akawaangalia wote wawili kama wezi wanaojua kuficha. Akampigia simu ya redio Amandu, fundi wa Arua.

Amandu alikuja na basi, vumbi mpaka kwenye kope, na yeye akafanya vilevile. Mmoja ndani, mwingine nje. Alipitia kila kitu, waya, jenereta, akafungua hata matumbo ya mashine akapuliza. Akasema kifaa kizima. Akala chakula changu, akarudi Arua. Wiki ya kugawa chakula ilipofika, wale wawili wakakaa tena pamoja, wanachapa mbio, watu wanapiga kelele nje, na kioo cha Rosa kikawa cheusi.

Kila mmoja alijijua hana kosa. Basi kosa ni la mwenzake, la nani tena? Mariam alipoulizwa peke yake alisema labda Rosa anabonyeza vibaya. Rosa alipoulizwa peke yake alisema labda Mariam ana haraka. Enoch alibeba maneno ya huyu akampa yule, na ya yule akampa huyu, na jioni hiyo walirudi nyumbani kwa njia mbili tofauti. Sahani moja ikawa sahani mbili. Nilizipakua mimi.

Kumtoa Rosa kwenye kiti kukawa ushahidi. Mariam alihamia mashine ya Rosa, ya pili ikafunikwa kitambaa, na kazi ikaenda polepole lakini bila kuzimika hata kidogo. Wiki ya kugawa ikapita salama. Nyingine tena. Enoch alitembea pale ofisini na tumbo mbele. "Mmeona?" alikuwa anasema. "Mmeona?" Na sisi tulikuwa tumeona kweli, hilo ndilo jambo la kuudhi. Macho yetu yalikuwa yanamsaidia.

Habari ilitoka ofisini ikaenda sokoni, na sokoni habari hainyooki. Mara ya kwanza ilikuwa Rosa hajui kompyuta. Baadaye ikawa Rosa ana mkono mbaya. Baadaye ikawa alitoka nao Sudani. Abiriga, mwenye mashine ya kusaga pale karibu na stendi, alimwambia kwa adabu nyingi asiingie ndani, aache mahindi yake mlangoni, atasagiwa. "Si mimi, dada," alisema, "ni wateja wanaogopa." Wanawake waliokuwa kwenye mstari wakasogeza mabeseni yao kidogo. Kidogo tu. Rosa aliweka beseni lake chini, akasimama nje juani mbele ya watu wote, akasubiri unga wake. Hakulia. Alirudi nyumbani akamchapa mwanawe kwa kosa ambalo siku nyingine angelicheka.

Aliniambia siku hiyo, tukiwa ghalani, kwamba kufagia hakumsumbui. "Kazi ni kazi. Lakini jina yangu imeshikwa pale kwa Abiriga, na mimi sina mtu wa kunitolea."

Mwaka uliofuata watu wengi walivuka kwa mkupuo kule Oraba mpakani, wanatoroka mapigano upande wa pili. Malori yaliwaleta mpaka uwanja ukajaa. Mariam peke yake hakuweza. Enoch hakumrudisha Rosa, la. Alimleta Jale, mwalimu wa zamani aliyejifunza kompyuta Arua, mtu wa kunyoosha suruali hata siku ya mvua. Kitambaa kikatolewa kwenye mashine ya pili. Jale akakaa, akavuta mikono ya shati, akaanza.

Kabla sijapeleka chai ya asubuhi, kioo cha ile mashine ya Rosa, aliyokalia Mariam, kikawa cheusi.

Rosa alikuwa ghalani, unga mpaka kwenye viwiko, mbele ya wabeba magunia wote. Nilikimbia kumwambia. Alisimama na ufagio. Hakutabasamu. Alisema tu, "Mkono yangu iko hapa. Waambie waje waihesabu."

Na mnajua Enoch alisema nini? Alisema labda Rosa alipita karibu na mlango asubuhi. Mtu mzima, amesoma Kampala, amevaa kalamu mfukoni. Nilitaka kumwagia ile chai.

Kilichotuokoa ni kelele. Amandu aliitwa tena, na alipofika uwanja ulikuwa umejaa watu wenye njaa, wanagonga madirisha kwa viganja. Enoch alitaka kumtoa Jale nje kama kawaida, lakini nje hapakuwa na pa kumweka. Basi Amandu alisimama katikati ya wachapaji wawili, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti hiki, mwingine kwenye kile, akawaambia waendelee. Walichapa. Walihifadhi, mmoja, halafu mwingine, salama. Wakachapa tena, wakabonyeza kuhifadhi wote kwa pamoja, na mashine ikafa mbele ya macho yake.

Aliwaambia warudie. Ikafa tena. Amandu akakaa kwenye sanduku la mafuta ya kupikia, akashika kichwa. "Mimi ni mjinga," alisema. "Nilikuwa natafuta mwenye kosa. Hakuna mwenye kosa. Kosa iko kati yao."

Aliondoka kwenda Kampala kuwauliza waliouza ile programu, akarudi na diski mpya, akatueleza huku anakula. Alisema programu yetu haifanyi kila kitu yenyewe. Chini yake iko programu nyingine, iliyoandikwa na watu wa mbali, wanaiita maktaba; si ya vitabu, ni ya kazi zilizokwisha kutayarishwa, na programu zote zinakwenda kuchota humo. Kuandika kwenye diski, kufuta, kupanga, zote ziko humo. Na mtu aliyeitunga hakuweka zamu. Alidhani watu watakuwa wanakuja mmojammoja. Wakija wawili kwa wakati uleule, mmoja anashika kitu ambacho mwenzake amekwisha kukiondoa, anashika hewa, na nyumba nzima inaanguka. Inaangukia kwenye mashine yenye orodha. Angekaa askofu kwenye kile kiti, ingezimika.

Mimi nilielewa upesi kuliko Enoch, na wala si ajabu, nimepika maisha yangu yote. Wanawake wawili, jiko moja. Mimi nimeona sufuria iko motoni, nainama kuchukua unga. Wewe hapohapo umeipua sufuria uiweke pembeni. Mimi nainuka, namwaga unga nilikoona sufuria. Unga wote kwenye moto. Nani ameharibu? Wewe ulifanya sawa, mimi nilifanya sawa. Weka mmoja wetu jikoni peke yake, mtazame kutwa nzima, hutaona kosa. Huyo aliyetunga maktaba ya kompyuta, nasema mimi, hakuwahi kuishi na mke mwenza.

Amandu aliweka zile diski. Kuanzia hapo mmoja akihifadhi wakati mwenzake anahifadhi, mashine inamsubirisha kidogo, kama Yei, kila mtu na zamu yake. Haikuzimika tena kwa ugonjwa ule.

Mariam alikuja ghalani siku hiyohiyo. Rosa alikuwa amekaa juu ya magunia. Mariam akakaa nyuma yake, akaanza kumtoa unga kwenye nywele, uzi kwa uzi. Rosa aliinamisha kichwa ili mwenzake afikie shingoni, nami nikaenda kupakua sahani moja.

Lakini Enoch. Enoch alimwita Rosa, akamwambia rudi kwenye kiti, kazi ni nyingi. Basi. Kana kwamba kiti kilikwenda matembezi chenyewe. Rosa alirudi, maana watoto hawali hasira. Alirudisha mto wake. Na kila asubuhi Enoch alipoingia na kusema habari za asubuhi, Rosa alimjibu kwa heshima zote, "Nzuri, mukubwa. Jogoo yangu iko wapi?"

Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anaingia kwa mlango wa nyuma.

Msidhani alitaka nyama. Sisi wa ofisini tulijua habari ya maktaba. Sokoni hakuna aliyejua, na hata ungewaeleza, nani ataelewa? Walichokijua ni kwamba Rosa alitolewa kwenye kiti kwa sababu ya mkono wake. Kwa Abiriga bado alisimama nje. Mkubwa akipita katikati ya soko na jogoo mkononi, anampelekea yule mama aliyemtukana, hiyo kila mtu angeisoma, hata asiyejua a wala be.

Ofisi ilifungwa wakimbizi walipoanza kurudi kwao. Enoch alihamia Arua. Shule moja ya pale Koboko ikatafuta mchapaji, Rosa akaenda na cheti chake cha masista, akapokelewa vizuri, akaambiwa aje Jumatatu. Jumatatu aliambiwa nafasi imejaa. Mtunza bohari wa shule, mtu asiyejua kuficha, alimnong'oneza kwamba wana mashine mpya ya kurudufu mitihani na wanaiogopea.

Rosa alikuja kwangu moja kwa moja kutoka huko. Nilimwona anavyotembea nikajua. Alisema, "Jumapili tunakwenda Arua."

Tulikwenda, mimi, yeye na Mariam, juu ya pikapu iliyobeba tumbaku. Enoch alikuwa na nyumba karibu na Onduparaka, na Jumapili huko watu wote wako uwanjani kwenye mpira. Tulimkuta amekaa kwenye viti vya wakubwa, chini ya turubai, na soda. Rosa hakungoja mapumziko. Alipita pembeni ya mstari mweupe akiwa na kitenge chake kizuri, akasimama mbele yake, akamzibia mpira.

"Mukubwa, habari za siku nyingi," alisema kwa sauti ya kambini. "Jogoo yangu iko wapi?"

Enoch alimwambia apishe, watu wanatazama. Rosa akasema ndiyo, watazame. Akageuka akawaeleza wale wa karibu, kwa utulivu, kwamba huyu bwana aliahidi jogoo mbele ya watu na bado hajalipa. Mtu mmoja nyuma akawika. Hivyo tu, kwa mzaha. Wa pili akawika upande wa pili. Nyinyi mnajua vijana wa mpira wa Onduparaka. Ukiwapa kitu kama hicho umewapa mwaka mzima. Uwanja ukawika. Hata golikipa aligeuka kuangalia.

Tulipanda gari tukarudi. Nasikia tangu siku hiyo Enoch hakuweza kupita mtaani mwake. Akienda kununua mkate, kokoriko. Akienda kanisani, kokoriko, mpaka wa kwaya wanaziba midomo.

Alikuja Koboko siku ya soko. Alishuka pale stendi na gunia linalotikisika, akamkuta Rosa kwenye meza yake ya samaki, mimi na Mariam pembeni. Akamnyooshea gunia upesiupesi.

Rosa hakulipokea. "Hukusema gunia," alimwambia. "Ulisema miguu."

Enoch alitazama huku na huku. Akafungua gunia. Jogoo alitoka na hasira zake zote, akampiga mabawa usoni, akamkwaruza mkono. Akamshika miguu, kichwa chini, akapita naye. Akapita kwenye nguo, akapita kwenye mihogo, akazunguka mpaka kwa Abiriga, kwa sababu Rosa alisema mpaka kwa Abiriga, naye Rosa anatembea nyuma bila kucheka, na watu wanaacha kupima karanga wanauliza kuna nini. Mariam ndiye aliyewajibu. Aliwajibu wote. Sauti yake ilikauka siku mbili.

Pale kwenye mashine ya kusaga, Enoch alisimama, shati limemshika mgongoni kwa jasho. Alisema, si kwa sauti kubwa, lakini wanawake wa kwenye mstari walisikia, "Haikuwa mkono yako, mama. Nilikosa."

Abiriga alitoka mlangoni na unga kwenye nyusi. Alimtazama Enoch, akamtazama jogoo, akasogea kando ya mlango.

Rosa alimpokea jogoo, akamgeuza kichwa juu, akamkandamiza kwapani mpaka akatulia. Alimpima uzito kwa mkono ule uliosemwa.

"Sasa tumemaliza?" Enoch akauliza, anafuta damu kwenye kifundo cha mkono.

"Ni mdogo," Rosa alisema. "Lakini tumemaliza."

Akaingia ndani, akaingia kabisa, akasimama karibu na mashine akangojea zamu yake.